Ramani ya mkono ubongoni: inahama au haihami?

Mpiga fidla wa taarab pale Mji Mkongwe anapobana uzi, habari kutoka ncha za vidole vyake vya kushoto hupanda kwa uti wa mgongo, huvukia upande wa pili kwenye shina la ubongo, na kufikia gamba la ubongo upande wa kulia. Huko kila kiungo kina pahala pake, kama kwenye ramani, ila vipimo havilingani: vidole na midomo vimepewa uwanja, mgongo mzima umepewa kipembe.

Hilo hupimika nyumbani. Twaa njiti mbili za fagio la chelewa, mwenzako afumbe macho. Kwenye ncha ya kidole atatambua kuwa ni mbili hata zikiachana milimita 2 au 3. Mgongoni hutaka kama milimita 40. Ziguse ngozi kwa pamoja. Ikitangulia moja, atahesabu miguso tu na kipimo kimeharibika.

Ubishi ni kama ramani hiyo huhama. Mwaka 1991 mtafiti Tim Pons na wenzake waliwapima kima ambao neva za mkono zilikatwa miaka 12 nyuma: uso ukiguswa, seli za eneo la mkono ziliitika. Mwaka 1995 Thomas Elbert na wenzake wakaona kwa wapiga ala za nyuzi kwamba mwitikio wa ubongo kwa vidole vya kushoto ni mkubwa kuliko wa watu wengine, hasa walioanza wadogo.

Kisha mwaka 2025 ukatoka utafiti uliowafuatilia watu 3 kabla na baada ya kukatwa mkono. Walipojaribu kusogeza vidole ambavyo havipo tena, ramani ya vidole ilikuwa pale pale.

Mimi naegemea huku kwa kuwa haihami, kwa tahadhari. Pons aliuliza nani anaitika uso ukiguswa. Hawa wa 2025 waliuliza kama mwenye nyumba, yaani mkono wenyewe, bado yumo. Maswali mawili hayo. Na mwitikio wa mpiga fidla kuwa mkubwa si lazima uwe umenyang'anya eneo la jirani. Huenda seli zile zile zinaitika kwa nguvu zaidi.

Ikiwa ramani haihami kirahisi, basi, kwa mkono uliokufa ganzi baada ya kiharusi mazoezi yalenge hisia iliyosalia: fukia karafuu kavu, kauri na kifungo ndani ya bakuli la mchele, mgonjwa atafute na kutaja bila kuangalia. Akichungulia, macho ndiyo yanayofanya kazi. Na maji ya kuoga ayapime kwa mkono usio na ganzi, maana ule wenye ganzi huungua kimya kimya.