Jibu Nililolitupa

Mwalimu wetu wa hesabu wa kidato cha pili tulimwita Plasi-Minasi, kwa sababu ya ile alama ya kujumlisha iliyokalia ya kutoa ndani ya kanuni ya kwadratiki, yaani milinganyo yenye x ya kipeo cha pili. Aliichora ubaoni kwa nguvu mpaka chaki inavunjika. Hesabu za mafumbo ndizo alizozipenda, na ndizo zilizotumaliza. Nusu ya shida haikuwa hesabu, ilikuwa Kiingereza: mpaka umejua kwamba huyo mkulima anayezungumzwa ana shamba na si ana deni, kengele imeshalia.

Ila kulikuwa na sehemu moja niliyoipenda. Kila fumbo lilitoa majibu mawili, na moja lilikuwa la kutupa. Bustani yenye urefu unaozidi upana kwa mita 3, eneo mita za mraba 40: upana ni 5 au hasi 8. "Nani amewahi kuona bustani ya hasi 8?" Hakuna. "Tupa kule!" Umri wa mtoto ukiuzidisha na umri atakaokuwa nao miaka 4 ijayo unapata 96: ana miaka 8 au hasi 12. Yaani bado miaka 12 azaliwe na ameshawekwa kwenye mtihani. Tupa kule! Darasa zima tulikuwa tunaitikia kama kwaya. Kichwani mwangu ikakaa hivyo: kwadratiki ni kupata mawili na kutupa moja.

Basi mwaka ule mama akaamua kuwajengea kuku wake uzio. Sisi ni watu wa Singida, na kwetu kuku si mchezo. Wa kienyeji wanapakiwa kwenye matenga mpaka Dar es Salaam. Mama alikuwa nao 40. Alinunua wavu wa waya mita 18, akasema uzio utaegemea ukuta wa nyuma wa nyumba ili upande mmoja usile wavu, na kila kuku apate mita moja ya mraba ya kutembelea.

Nikasimamisha kijiko mdomoni. Mita 18, pande tatu, eneo 40.

"Mama, hii ni kwadratiki!"

"Ni uzio," akasema mama.

Nikaleta daftari. Upana ni x, upana uko mara mbili, kwa hiyo urefu ni 18 kutoa 2x. Zidisha, uwe 40. Panga, gawa kwa 2, unabaki na x ya kipeo cha pili, kutoa 9x, jumlisha 20, sawasawa na sifuri. Namba mbili zinazozidishwa zikatoa 20 na kujumlishwa zikatoa 9: 4 na 5. Sikuhitaji hata kanuni. Mama alikuwa ameacha kuchambua mchele, ananitazama kama ananiona nikiapishwa.

x ni 4 au 5.

Nikasubiri hasi ijitokeze. Haikujitokeza. Nikarudia hesabu yote, bado 4 na 5, zote chanya, zote zimenikazia macho. Plasi-Minasi hakutufundisha cha kufanya siku hasi isipokuja. Lakini utaratibu ni utaratibu, lazima moja litupwe. Nikatupa 5, kwa sababu nilikuwa nimeiandika ya mwisho. Upana 4, urefu 10. Nne mara kumi, arobaini. Nikapiga mstari chini mara mbili kwa rula, nikachana karatasi, nikampa mama.

Ukuta sikuupima. Ukuta haukuwa kwenye swali.

Fundi alikuja Ijumaa nikiwa shuleni. Niliyoyasikia baadaye ni kwamba alichimba, akasimamisha nguzo, akavuta futi yake, akasimama kwenye pembe ya nyumba akikuna kichwa. "Mama, ukuta umeisha, karatasi haijaisha."

"Fuata karatasi," mama akamwambia. "Mwanangu yuko Form Two."

Fundi akafuata karatasi. Na niseme ukweli, wavu ulienea pande zote tatu bila kubaki hata kipande cha kufungia kuni. Niliporudi jioni nikaona hilo ndilo ushahidi tosha. Kulikuwa na uwazi wa mita 2 kati ya pembe ya nyumba na nguzo ya mwisho, lakini mama alidhani ndio mlango. Mimi nilidhani fundi atarudi kumalizia. Kuku hawakudhani kitu.

Jumamosi kabla ya chai tukasikia hodi. Jirani yetu, mama mmoja mpole ambaye mchicha wake ndio ulikuwa unasomesha watoto wake, amesimama mlangoni na tetea kwapani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mwanangu, hebu njoo uwaone wenzake."

Wenzake walikuwa 38 kwenye matuta, wamepanga mstari mzuri kuliko sisi asubuhi pale shuleni. Jogoo wa mama alikuwa katikati, anaparua, anaita wake zake waje wale. Mchicha ulikuwa umebaki mashina.

Niliposhindwa na lawama nilikimbilia daftari. Nikawaonyesha mama, jirani na fundi aliyekuwa ameitwa kwa haraka: nne mara kumi ni arobaini, nani anabisha? Hakubisha mtu. Fundi akaliangalia daftari muda mrefu, akaweka kidole penye lile neno "au".

"Hapa imeandikwa nne au tano. Hii tano iko wapi?"

"Nimeitupa."

"Umeitupa wapi?"

Nikanyamaza.

"Kailete."

Nikaiweka mahali pake, mkono unatetemeka. Upana 5, mara mbili 10, toa kwenye 18, urefu ni 8. Tano mara nane, arobaini. Fundi hakusema neno. Akavuta futi ukutani, toka pembe hadi pembe. Mita 8. Jirani, ambaye darasa la saba hakulimaliza, ndiye aliyecheka wa kwanza.

Miaka mingi baadaye nilikuja kusoma kwamba Al-Khwarizmi, yule mwanachuoni wa Baghdad wa karne ya 9 ambaye kitabu chake ndicho kilichotupa neno aljebra, alilijua jambo hili vizuri. Ana mfano wa mraba ukijumlisha 21 kuwa sawa na mizizi 10 (mzizi ni ile x yetu, na mraba ni x mara x), ambao majibu yake ni 3 na 7, yote halali, na anamwambia msomaji ajaribu moja, likimkatalia achukue la pili. Miaka zaidi ya elfu moja ujumbe huo ulikuwa njiani, na haukufika Singida kabla ya Ijumaa ile.

Nguzo ziling'olewa zikachimbiwa upya. Jirani alilipwa kwa mayai, trei nzima na nyingine ikafuata. Fundi alidai malipo ya mara ya pili, mama hakuwa na fedha taslimu, akamwambia achague kuku. Akachagua jogoo.

Jumatatu ya wiki iliyofuata Plasi-Minasi akatupa jaribio. Swali la 3: mtu ana kamba ya mita 26, anataka kuzungushia kiwanja cha mstatili chenye eneo la mita za mraba 40, tafuta upana. Nikapata 5 au 8. Mwili ukanisisimka. Sikutupa kitu. Nikaandika yote mawili, na chini yake, kwa Kiingereza changu cha kuungaunga, nikaeleza kwamba jibu linategemea ukuta.

Karatasi ilirudi na wino mwekundu. Plasi-Minasi, ambaye hakuwahi kuandika Kiswahili kwenye kazi ya mwanafunzi, alikuwa ameandika: "Ukuta gani?"