Pembe ya ng'ombe nimeielewa, mrututu je?

Makala yenu kuhusu Coulée de Serrant, lile shamba dogo la mizabibu Ufaransa lililoanzishwa na watawa 1130, nimeisoma mara mbili. Eti huko pembe ya ng'ombe ijazwe samadi, ifukiwe majira yote ya baridi, kisha samadi ikorogwe majini na kunyunyiziwa shambani! Huku Subukia majirani watasema umeanza uganga.

Lakini mbona mrututu, ile dawa ya buluu yenye shaba, hamkuugusa? Kilimo hai Ulaya bado kinauruhusu dhidi ya magonjwa ya ukungu kwenye mimea, kikomo kilo 28 za shaba kwa hekta katika miaka 7. Shaba haiozi jamani, hukaa udongoni. Mimi niliupiga kwenye nyanya misimu mitatu, majani yakawa samawati. Nyungunyungu siwaoni tena pale, hata nikichimba baada ya mvua.