Miaka 7 ya kimya

Makala moja niliyosoma yasema tunapenda riwaya za ndugu aliyepotea kwa sababu twataka kumjua mhalifu. Mimi sivyo. Kinachonishika ni ile nyumba: mama anayepakua sahani ya ziada kila usiku, baba anayegeuza mazungumzo jina likitajwa. Hapa Kibokoni, mtaa wa Mji wa Kale Mombasa, milango yatazamana, jirani ajua mengi, lakini la aibu likitokea ni funika kombe mwanaharamu apite. Sheria ya Ushahidi ya Kenya yaruhusu asiyesikika miaka 7 kudhaniwa amekufa. Natamani mwandishi wetu wa Mombasa aanzie hapo: ndugu wamefika mahakamani wakitaka urithi, na kitinda mimba hataki kutia sahihi, kwani usiku ule aliopotea ndugu yao, yeye hakuwa amelala.