Shanga za Gerzeh zinastahili kusikilizwa kabla ya jambia la Tutankhamun

Vipimo vilivyochapishwa 2016 vilikuta nikeli, metali iliyo nyingi katika vimondo vya chuma, karibu asilimia 11 katika jambia la chuma la Tutankhamun, farao wa Misri ya kale, na tangu hapo wachache wanabisha kuwa ni chuma cha kimondo, yaani kilichoanguka kutoka angani. Ubishi umehamia kwa fundi: Mmisri au mgeni?

Wanaosema mgeni wana hoja nzito. Barua za Amarna, yaani barua za kidiplomasia za mafarao, zinaonyesha Tushratta, mfalme wa Mitanni, dola ya kale kaskazini mwa Syria, akimpelekea jambia la chuma, miongoni mwa zawadi za harusi ya binti yake, Farao Amenhotep III, anayetajwa kuwa babu yake Tutankhamun. Watafiti wa Japani nao walieleza 2022 kwamba mapambo ya mpini yaelekea kugandishwa kwa plasta ya chokaa, ilhali mafundi wa Misri wa enzi hizo walizoea jasi. Hata hivyo chokaa hiyo inatueleza habari za mpini. Aliyefua chuma chenyewe si lazima awe ndiye aliyeupamba.

Basi na liwe zawadi. Nisichokubali ni kuruka kutoka hapo na kudai kwamba Wamisri walipokea tu chuma kilichofuliwa na wengine. Kule Gerzeh, kilomita kama 70 kusini mwa Kairo, zilifukuliwa 1911 shanga tisa za chuma kutoka makaburi ya mwaka 3200 KK hivi. Hesabu miaka hiyo: ni karibu 1,900 kabla ya Tutankhamun kuzikwa!

Kutu imezila, na ukiziona utadhani vipande vya makaa. Lakini uchunguzi wa 2013 ulikuta ndani yake nikeli, kobalti na alama nyingine za kimondo, na ukaonyesha kwamba kila ushanga uliviringwa kutoka bamba jembamba. Bamba! Shanga za mawe hutobolewa, na shaba ni laini mkononi mwa mfuaji. Chuma cha kimondo ni kigumu na chepesi kupasuka. Kukifikisha kwenye wembamba ule kwahitaji kukipasha moto na kukigonga, tena na tena, kwa mkono unaojua wapi pa kuacha. Ujuzi huo haukuja na bibi harusi wa Mitanni wala na mjumbe wake.

Ni kweli kwamba kufua si kuyeyusha: Misri ilichelewa kupata chuma kutoka mawe ya ardhini kwa tanuri. Lakini fundi wa Gerzeh hakuwa na tanuri la kumsaidia. Alikuwa na pande la kimondo, moto na nyundo, na alichokitoa kikatungwa uzi mmoja na dhahabu.