Unga ao pesa mukononi?

Huku Goma habari ya misaada ikianza tu batu banagawanyika: bamoja banasema mutupatie pesa, bengine banasema apana, leta unga. Mimi niko upande wa pesa, lakini si kwa kichwa nguvu.

Mbele vita ifike mujini mwezi wa kwanza 2025, tantine wangu alikuwa deplase (mwenye kukimbia vita) ku kambi ya Mugunga. Siku moja na jetoni yake (kadi ya kupokelea musaada) akapanga mulolongo toka saa kumi na moja asubui, akatoka na unga, maharagi na mafuta, kufika inje banunuzi beko pale banamungojea tayari. Akauzisha nusu ya unga bei ya kutupa, ju mutoto alikuwa na homa na hakuna mwenye anauzisha dawa kwa kukupimia unga. Ile mifuko ya bendera ya Marekani utaiona mutaa ya Birere sasa, imejaa makala.

Na huo unga ulitembea! Programu ya Marekani ya kutuma chakula inje ilianza 1954, na sheria yao inadai angalau nusu ya mizigo ipande meli za Marekani, hata kama za bengine ni bei rahisi. Mwenye meli anashiba mbele ya mwenye njaa.

Hapa jirani Masisi, mutafiti Jenny Aker alilinganisha badeplase benye walipewa pesa na benye walipewa kuponi za thamani sawa. Ulaji wao haukutofautiana, sehemu ju benye kuponi walikuwa banauzisha tena vitu walivyonunua (kama tantine, kumbe), na pesa ndiyo ilikuwa njia ya gharama ndogo.

Lakini benye kudai unga nabo habasemi upuuzi. Ile wiki ya vita maduka zilifungwa, zingine ziliibiwa, ungekuwa na dola mia mufukoni ungekula nini? Dola hailiwi. Na ukimwaga pesa kwenye soko haina kitu, bei inapanda hata kwa jirani mwenye hakuandikwa ku listi. Kwa hiyo siku za kwanza unga, soko ikishafunguka pesa, mi naona hivyo.

Ila hata pesa iko na mwenye meli wake. Banki zilifungwa tangu waasi wa M23 waingie, uwanja wa ndege pia, noti zikakuwa haba, basi pesa inapita ku simu na kabine (kibanda cha kutolea pesa ya simu) inakata komisio yake. Tantine juzi alipokea dola 50 akatoka na 46. Marekani walishafuta 83% ya programu za USAID, shirika lao la misaada, mwaka ule ule wa 2025, kidogo chenye kinabakia kihesabiwe vizuri: wafadhili banaandikaka bei ya meli ndani ya bajeti bila haya, waandike na hizo dola ine.