Kumwona aliyekupa uhai: haraka ya nini?

Ujerumani, mgonjwa wa saratani ya damu akipandikizwa chembe za uloto, ule ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu, kutoka kwa mtu baki, haruhusiwi kumjua mpaka miaka 2 ipite, na hapo sharti wote wawili wakubali. Kabla ya hapo wanaandikiana barua tu, nazo hukaguliwa kwanza: jina, mji, chochote cha kumtambulisha mtu, kinafutwa. Hispania sheria imefunga mlango moja kwa moja.

Wanaolalamikia ukali huo wana hoja. Upandikizaji huu unaweza kubadilisha hata kundi la damu. Aliyekuwa O akawa A, kama aliyempa. Kumwambia huyo atulie asitake kumwona mwenye damu ile ni kazi. Kwetu aliyekutendea wema mkubwa humwandikii barua isiyo na jina: unamwendea kwake, na mkono mtupu huendi. Mchangiaji naye alichomwa sindano siku kadhaa, kisha akalala saa nyingi mirija ikiwa mikononi. Ana haki ya kutaka kujua kama mtu yule yu hai.

Lakini miaka hiyo ya mwanzo ndiyo ya hatari. Ugonjwa ukirudi, mchangiaji yuleyule huenda akaombwa tena. Kama wameshakula sahani moja na watoto wa mgonjwa wanamwita mjomba, atakataa kwa mdomo gani? Wengi hudhani usiri unazuia watu kudaiana pesa. Unazuia, ndiyo, ila kubwa kwangu ni hili: unamwachia mtu nafasi ya kusema hapana.

Kiungo kikitoka kwa aliyekufa, kujuana kuna uchungu wake kwa wafiwa pia. Cape Town, Desemba 1967, moyo wa marehemu Denise Darvall uliwekwa kwa mgonjwa Louis Washkansky, na dunia nzima ikajua majina yote mawili. Washkansky akafariki baada ya siku 18. Baba yake Denise, aliyetoa ridhaa, alikuwa kama aliyepigiwa habari ya msiba mara mbili. Hata hivyo, kufunga mlango milele kama Hispania naona ni kupitiliza, hasa pale mchangiaji yu hai na pande zote zinataka.

Tanzania mjadala umekaa vingine. Tangu Muhimbili ianze kupandikiza figo mwaka 2017, anayetoa ni ndugu. Usiri utoke wapi, wakati kaka aliyekupa figo mnakaa naye kikao cha mirathi? Akikuomba mtaji huwezi kumjibu huna, na masimango hayahitaji kutamkwa ili yasikike. Kinachoweza kulindwa hapa ni kabla ya kisu: ndugu anayepimwa aulizwe akiwa peke yake, shangazi na wajomba wakiwa nje, na akisema hataki, daktari awatokee awaambie tu kwamba hafai kutoa.