Filamu Ndefu, Umeme Mfupi

Sasa wameamua kututesa kwa tarehe. Mpwa wangu, ambaye amesoma hadi akili imeanza kumwagika, amekaa mezani pangu, anakula bukari yangu na ndagala zangu, huku akinisomea kwenye simu filamu za mwaka huu. "Mjomba, tarehe 18 Desemba 2026 usijipangie kitu." Nikadhani anaoa. Kumbe siku hiyo zimepangwa kutoka mbili kwa mpigo: Dune ya tatu ya Denis Villeneuve, na Avengers: Doomsday. Siku moja! Watu wenye umeme hawana huruma.

Mtu asidhani mimi ni mgeni wa mambo haya. Mimi ni mtaalamu, ila wa mianzo. Kamalondo nzima, mtaa wetu hapa Lubumbashi, hakuna anayejua mianzo ya filamu kunishinda. Dune ya kwanza, ya 2021, niko nayo mpaka pale kijana anapoambiwa aingize mkono kwenye kile kisanduku cha maumivu. Kaingiza. Giza. Mkono ule haujatoka mpaka leo. Avatar ya 2022 ilikuwa saa tatu na dakika 12. Wakaona haitoshi, ile ya Desemba 2025 wakaifikisha saa tatu na dakika 17. Huko dakika zinaongezeka, huku kwetu zinapungua. Kuna mtu anazisafirisha usiku kwa lori.

Mpwa akaendelea. Kuna Project Hail Mary: mwalimu wa sayansi anaamka peke yake ndani ya chombo cha angani, hakumbuki hata jina lake. Mwalimu! Walimu wa huku wanakumbuka kila kitu, hasa mishahara ambayo haikufika. Kuna Odyssey ya Christopher Nolan, imepangiwa tarehe 17 Julai, imepigwa yote kwa kamera za IMAX, zile za skrini ndefu kama ghorofa. Mimi nitaitazama kwenye simu iliyopasuka kioo, na ufa umepita hasa pale wanapokaa watu wazuri. Bwana Odysseus anamaliza vita, halafu anatumia miaka kumi njiani kurudi nyumbani, na dunia inashangaa. Alikuwa na jahazi lake! Apande basi la kutoka mjini kwenda Ruashi saa kumi na moja jioni, ndipo tuzungumze. Na kwenye Avengers hiyo, Robert Downey Jr., ambaye watu walimlilia 2019 alipokufa akiwa shujaa Iron Man, anarudi na sura ileile kuwa adui, Doctor Doom. Hakuna aliyeitisha kikao cha familia.

Basi nikavaa shati la kanisani nikaenda soko la Kenya, si ile nchi, ni mtaa wa hapa, kwa yule kijana mwenye kompyuta moja na spika mbili zinazogombana, anayejazia watu filamu kwenye flashi. Nilitaka Dune ya pili tu, nikauone huo mkono.

"Papa, ya pili ya nini? Ya tatu iko."

"Ya tatu inatoka Desemba."

"Kwabo ndiyo Desemba. Huku iko."

Nikamwambia kwa heshima kwamba mimi ni mtu mzima, ni katibu wa jumuiya, sinunui kitu bila kukiona. Akafungua. Jangwa. Sawa, jangwa lipo. Mtu kajifunika uso kwa kitambaa. Sawa. Muziki wa kutisha. Mama mmoja aliyekuja kutafuta filamu za Nigeria akaweka beseni lake chini atazame. Mara akatokea ngamia.

"Mdudu mkubwa wa Dune yuko wapi?"

"Anakuya, papa. Yuko chini ya mchanga."

Ngamia akanywa maji. Akaendelea kunywa. Sauti ya mzungu ikaanza kueleza, kwa upole kabisa, faida za tende. Mama wa beseni akasema tende ni nzuri kwa wajawazito. Mzee mmoja, ambaye hakuwa ananunua chochote, akasema ngamia wa filamu za zamani walikuwa wakubwa kuliko huyu. Nikamwomba kijana asogeze mbele. Akasogeza: ngamia wawili. Nikamwambia, mwanangu, hii ni filamu ya kilimo! Akanyoosha kidole kwenye skrini: "Papa, angalia ule mchanga, unatikisika..." Na hapo hapo, delestaji, umeme umekatwa. Soko zima kimya, spika zimepatana.

"Unaona sasa," akasema. "Alikuwa anatoka."

Na anadai pesa, eti nimeshaangalia nusu! Heshima yote ya shati ikaniishia pale. Nilipiga kelele mpaka wauza mkaa wakasimama. Mwishowe nikatoa dola moja, ili niondoke na jina langu. Akaiinua juani. Akaigeuza. Akampa mzee asiyenunua chochote, mzee akampa mama wa beseni. Imechanika pembeni, kidogo kuliko ukucha wa mtoto mchanga. "Hii haipite, papa." Mtu anayeuza ngamia kwa jina la Dune anakagua dola yangu!

Mpwa anasema basi nitazame Augure ya Baloji, aliyezaliwa hapahapa Lubumbashi mwaka 1978, iliyopata tuzo kule Cannes 2023. Dakika 90. Huyo analijua jiji. Kijana anarudi kutoka Ubelgiji na mwenzi wake mjamzito, anabeba mtoto wa ndugu yake, damu ya pua inamdondokea mtoto, ukoo mzima unaona uchawi. Niliifikisha hapo. Nikamweleza mke wangu kwamba ni mambo ya kubuni. Akasema kubuni wapi, hiyo ni familia ya shemeji yako.

Shemeji mwenyewe ndiye aliyeazima betri yetu ya gari, ile tuliyokuwa tunawashia televisheni, eti ya msiba wa usiku mmoja. Marehemu keshafanyiwa hadi misa ya mwaka. Jana nimemtuma mtoto akaiulize. Amerudi na salamu.